Hapa Hamna Kitu, Baba

Dada anayeuza muvi pale Mabatini ana namna yake ya kukuonya. Unampa flashi, unamwambia unataka za kutisha, naye kabla hajaichomeka kwenye kompyuta anakuuliza unaangalia na nani. Ukisema na mume, anaweka chochote. Ukisema na watoto, anachagua. Mimi nilimwambia naangalia na baba mkwe. Akaniangalia kama mtu ambaye hakusikia vizuri, kisha akaanza kunipitishia moja moja: hii ina damu lakini haina kitanda, hii ina kitanda mwanzoni ila mkichelewa kuiwasha mtakuwa salama, na hii, dada yangu, usithubutu, utahama mji.

Nilicheka, lakini niliondoka pale na mashaka, na sijui kama yameisha hata leo. Mimi niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni cherehani, nashona sare za shule hapa hapa nyumbani, Kiseke. Kuandika najiandikia tu mambo yangu ya siku. Haya ya baba mkwe nimeyaandika zaidi ya mara moja, na kila nikiyasoma naona kuna mahali nimejipendelea, nafuta. Safari hii nitajaribu kuyaacha yalivyokuwa.

Baba alikuja kwetu kutoka upande wa Mara, kijiji cha ukingoni mwa ziwa, baada ya mama mkwe kufariki. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kuunda mitumbwi, na uzee ulipomkuta akahamia kwenye mihogo. Huko shambani ndiko presha ilikomwangusha. Mume wangu akaenda kumchukua. Daktari akasema akae mjini mpaka presha ishuke, ameze dawa, aende kliniki, na asishtuliwe. Baba alisikiliza yote kwa adabu, akamshukuru daktari, na tulipofika nyumbani akatuambia kwamba Jumatatu anaondoka.

Ikawa hivyo kila wiki. Mfuko wake ulikaa nyuma ya mlango wa chumba chake, umefungwa. Shati likitoka, linavaliwa, linafuliwa, linapigwa pasi, linarudi mfukoni. Nikipita na ufagio nikaliona lile furushi moyo unaniuma, kwa sababu kule anakotaka kwenda hakuna mtu. Watoto wake wote wametawanyika. Zahanati iko mbali. Akianguka tena kwenye mihogo, nani atajua kabla ya jioni?

Mume wangu alimbembeleza, na siku nyingine alimfokea. Simlaumu, mtu akimwogopea baba yake maneno hutoka yalivyo. Lakini baba ukimfokea anazidi kunyamaza, na akinyamaza sana huwezi kujua kama amekubali au amekwisha kuondoka humo ndani ya kichwa chake.

Na mimi ningemwambia nini? Kwao mke wa mtoto hakai na baba mkwe wakapiga soga. Hampi mkono, haingii chumbani kwake, hali naye meza moja. Mimi ni Msukuma wa Mkolani, kwetu heshima hiyo tunayo pia, kwa hiyo sikuwa na shida nayo. Asubuhi nilikuwa nasema shikamoo baba nikiwa upande wangu wa pazia, naye anajibu marahaba mama akiwa upande wake, basi. Mume akienda gereji tulibaki watu wawili ndani ya nyumba moja tukisikilizana vikohozi.

Muvi zilianza kwa bahati. Mchana mmoja nilikuwa nashona huku televisheni imewaka, muvi ya kutisha, moja ya hizi zilizotafsiriwa, ambazo sauti ya Kiswahili inapita juu ya maneno yao. Baba akatoka chumbani na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni. Nikataka kuzima, nikaona anaangalia. Akasimama pale mpaka chai ikapoa, mpaka muvi ikaisha. Halafu akasema, "Huyu mzimu wao ni mpole. Kule kwetu mwaloni tulionyeshwa wabaya zaidi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza refu kwangu. Nikajua kwamba pale mwaloni, wanaposhushia samaki, kuna kibanda cha video, na kwamba baba yangu mkwe, mzee wa kanisa, alikuwa mteja wao.

Siku iliyofuata nilihamisha kiti cha sofa karibu na dirisha na cherehani nikaiweka kando ya mlango, nikikaa ubavu kwake. Hivyo mimi nilikuwa kazini, yeye alikuwa anapumzika, na televisheni ilikuwa mbele yetu wote. Hakuna aliyeweza kusema tumekaa pamoja. Akaja akakaa.

Lakini daktari alikuwa amesema asishtuliwe. Nilimuuliza nesi wa pale kliniki tukiwa foleni, nikaona aibu hata kulitaja. Akacheka, akasema kwanza mzee asiachwe na mawazo, mawazo yanapandisha presha kuliko hayo majini, na pili, kama anajua kinachokuja hashtuki, basi mwambieni kabla. Sidhani kama alikuwa ananipa ruhusa ya kitabibu. Alikuwa na foleni ndefu. Lakini mimi niliichukua kama ruhusa.

Kwa hiyo nikawa naziangalia kwanza mwenyewe. Mume akishatoka, baba akiwa kwenye matembezi yake ya asubuhi, nafungua mlango wote, kuku wanapita, jua linaingia, na bado naogopa. Kuna sare moja niliishona mkono wa kulia kushoto nikafumua. Mchana, baba akishakula, naiwasha upya na kumwonya. Baba, yule dada akifungua kabati kuna kitu kinaruka. Baba, hapo kwenye kisima utatoka mkono. Baba, sasa hivi kuna damu nyingi, ukitaka angalia dirishani.

Hakuwahi kuangalia dirishani. Alikuwa anaitikia tu, "Haya, uje," kama anaukaribisha ule mkono, na ukitoka anatikisa kichwa: "Umechelewa." Na mimi niliyejua kila kitu ndiye niliyekuwa naruka.

Kitanda kilikuwa na onyo lake. Mara ya kwanza kilitukuta bila taarifa, maana mwanzoni nilikuwa narukaruka kwenye kuangalia, sikufika huko. Watu wawili wakaanza kuvuana makoti. Nikaangusha mkasi nikaenda kuutafuta chini ya cherehani, nikautafuta muda mrefu mno kwa mkasi niliokuwa nimeshaushika. Baba alikagua dari. Baada ya siku hiyo nikawa nasimama mapema na kusema, "Baba, ngoja niangalie maharage." Yeye anajibu, "Kaangalie mama, yasiungue." Nakaa jikoni mpaka nisikie muziki umebadilika. Nikirudi ananipa habari kwa kifupi huku macho yako kwenye televisheni: "Wameshavaa. Yule kijana amekatwa kichwa." Mara nyingi hakukuwa na maharage jikoni, na nadhani alijua, maana aliyakuta mezani siku chache kuliko yalivyoangaliwa.

Mume wangu alisema hajawahi kuona watu wa namna hii, wanaangalia muvi ambayo mmoja ameshaiona na mwingine ameshaambiwa. Kwa haki, alifurahi. Alikuwa akirudi anamkuta baba yake anasimulia.

Hata hivyo mfuko ulibaki umefungwa. Na wiki ile ninayotaka kuisema baba hakusema Jumatatu kwa mazoea. Alikuwa ameuliza habari za basi. Aliniomba nimfulie lile shati jeupe ambalo hulivalia safari. Presha ilikuwa bado haijakaa sawa, na mume wangu alikuwa ameshachoka kubishana, akasema kama ameamua ameamua. Mimi nikaenda Mabatini kwa dada wa muvi. Nilijiambia nikipata moja nzuri, ndefu, yenye sehemu ya pili, labda atasubiri. Ni akili ndogo, najua. Sikuwa na nyingine.

Dada akanipa ya wazee wawili wanaoishi kwenye nyumba ya ghorofa iliyozungukwa na msitu, sijui ni nchi gani, na kila giza likiingia kuna kitu chenye kucha kinatembea kwenye korido. Kitanda hakuna, akasema, hao ni wazee. Damu ipo mwishoni. Nikaiangalia asubuhi ya Ijumaa, nikayakariri yote: paka anapokufa, kioo kinapopasuka, kucha zinapotokea chini ya mlango. Katikati kulikuwa na kipande kirefu kisicho na jambo, wazee wamekaa tu wanasikiliza. Nikakitumia kwenda kugeuza shati jeupe kwenye kamba.

Mchana tukaanza. Nilimwonya juu ya paka, akasema maskini. Nilimwonya kioo. Alikuwa na furaha siku ile, labda furaha ya safari. Tukafika kile kipande cha katikati. Yule bibi na yule babu wamekaa sakafuni, migongo ukutani. Nikaona nimpumzishe. Nikamwambia, "Hapa hamna kitu, baba. Pumzika kidogo, mpaka kwenye mlango."

Yule bibi akachukua shuka akajifunika kichwa chote. Kitu kikapita kwenye korido, kucha zinakwaruza. Kukawa kimya. Kisha kutoka ndani ya shuka bibi akasema, na mtafsiri naye akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu anayeongea na mumewe na si na sisi: "Ameshapita?"

Baba akainuka.

Hakuniaga. Akapita mbele ya televisheni, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye tenki la maji, mkono mmoja juu ya tenki, mgongo kwangu. Nilisimamisha muvi nikabaki na kitambaa mkononi. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Nilifikiri, nimemuua. Daktari amesema asishtuliwe, na mimi nimemshtua, na wala sijui kwa kitu gani.

Nikampigia mume, simu ikaita, haikupokelewa. Gereji kuna kelele, si kosa lake. Jirani ambaye ni mhudumu wa afya alikuwa kazini. Kipimo cha presha tunacho, kile cha kufunga mkononi na kubonyeza, lakini siku zote alikuwa anakifunga mume wangu, kwa sababu mimi sikuwahi kumgusa baba mkwe hata kidole. Nikakichukua kabatini. Nikachukua na stuli. Nikatoka, nikaiweka stuli karibu naye lakini si karibu sana, nikaweka kipimo juu yake, nikarudi nyuma.

"Baba, naomba upime."

Aligeuka. Uso ulikuwa umelowa, na hakuuficha. Akakaa, akakunja mkono wa shati, akajaribu kukifunga kile kitambaa cha kipimo kwa mkono mmoja. Kikateleza. Akajaribu tena kwa kukibana kifuani, kikateleza tena. Mimi nilikuwa naangalia kuku.

Akasema, "Mama, funga."

Nikafunga. Mkono wake ulikuwa mgumu kama mbao alizokuwa anachonga, na nilikifunga vibaya mara ya kwanza, nikafungua nikafunga tena. Mashine ikavimba, ikanung'unika, ikatoa namba. Nisiseme uongo, zilikuwa juu kuliko za asubuhi. Lakini hazikuwa zile zilizomwangusha, na hazikuwa za kukimbilia hospitali. Nilimwonyesha, akazitazama bila hamu.

Tulikaa hivyo, yeye kwenye stuli, mimi kwenye ngazi ya mlango. Nikamwomba msamaha. Nikasema ile sehemu niliona haina kitu, ndiyo maana sikumwambia.

Akanijibu bila kuniangalia. Akasema pale kwenye kibanda cha mwaloni walikuwa wanakwenda wawili. Mama yenu, akasema, aliniburuza yeye, mimi nilikuwa sitaki, mzee wa kanisa nitaonekanaje. Alikuwa anazipenda hizo za kutisha kuliko kitu chochote, lakini hakuwahi kuiona hata moja. La kutisha likianza tu anajifunika khanga kichwa kizima na kuniuliza mimi: ameshapita? Kibanda kizima wanamcheka. Amelipa kiingilio akae ndani ya khanga.

"Na wewe unamwambia?" nikauliza. Sikujua kama mke wa mtoto anaruhusiwa kuuliza hivyo. Lilinitoka.

"Namdanganya," baba akasema. "Namwambia ameshapita, naye anafunua, anakutana naye uso kwa uso. Ananipiga ngumi mpaka nyumbani." Akapangusa uso. "Kila safari alikuwa ananiuliza tena. Na kila safari ananiamini."

Nilicheka, nikashika mdomo, nikaona naye anacheka kidogo kwa pembeni. Mama mkwe ninayemkumbuka mimi alikuwa mtu wa kutembea taratibu na kusema taratibu, aliyenifundisha kusonga ugali wa muhogo bila kunidharau. Sikuwahi kumwona akimpiga mtu ngumi. Nilimwonea wivu baba kwa kumjua huyo mwingine.

Nikamwambia nitaitoa ile muvi, nitaweka nyingine, ya majambazi.

Akatikisa kichwa. "Irudishe pale pale."

Nikasema, baba, presha. Nikasema daktari. Akaniambia kitu ambacho nimekifikiria sana, kwamba ningemwonya asingekubali kuangalia, na sasa ameshaona, kwa hiyo haimshtui tena. Hayo ni maneno ya nesi yaliyogeuzwa. Mpaka leo sijui kama jibu lilikuwepo, na kama angetokea mtu aliyesoma angelijua.

Tukaingia ndani. Akakaa kwenye kiti chake, mimi nikashika rimoti nikairudisha muvi nyuma mpaka wazee wanapokaa sakafuni. Nikaiweka rimoti kwenye mkono wa kiti chake. Halafu, badala ya kukaa kwenye cherehani, nikabaki nimesimama.

"Baba," nikasema, "ngoja niangalie maharage."

"Kaangalie, mama," akasema. "Yasiungue."

Jiko lilikuwa baridi, sufuria limefunikwa kifudifudi. Nikasimama katikati nikashika mwiko, nadhani ili nikiulizwa niwe na kitu mkononi. Kupitia pazia nikasikia kucha zinapita. Nikasikia yule bibi: "Ameshapita?" Kisha muvi ikarudishwa nyuma, sikujua kama anaweza kutumia rimoti, kucha zikapita tena, bibi akauliza tena. Safari hii baba akamjibu. Aliongea kwa lugha yao, ambayo naielewa ya jikoni tu, lakini lile lilikuwa la jikoni. Alimwambia: bado, jifunike.

Sikutoka mpaka aliponiita mwenyewe. Alikuja hadi kwenye pazia, hakulifunua, akaniambia maharage hayo yatakuwa yameshaiva sasa, na kama yapo basi tuyale. Ikabidi niyachague na kuyabandika saa ile ile, tukala usiku tumechelewa, mume wangu akilalamika ugumu wake. Baba alikula yote.

Jumatatu hakwenda. Mume alipomuuliza, alisema atasubiri kliniki ijayo, ameona dawa zinaanza kumkubali. Inawezekana ni dawa kweli, sitaki kujipa sifa isiyo yangu, wala kumnyima daktari yake. Shati jeupe niliona limetundikwa kwenye msumari chumbani kwake siku mlango ulipokuwa wazi. Mfuko sikuuangalia.

Kipimo sasa nakifunga mimi, asubuhi, kabla mume hajaamka vizuri. Hatuongei wakati huo. Anakunja shati, ananyoosha mkono, anaangalia upande wake na mimi wangu.

Na muvi tunaendelea. Dada wa Mabatini ananiuliza mzee anasemaje, na ananiwekea akiba. Namwonya baba damu, namwonya kucha, na kitanda kikija naenda kwenye maharage. Jana tulikuwa kwenye muvi ya meli iliyopotea, ikafika mahali pametulia, watu wanakunywa chai, hawana habari. Baba akageuka nusu kunielekea, jambo ambalo zamani asingelifanya.

"Mama, hapa hamna kitu?"

Niliinua mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Nilikuwa nimeiangalia yote asubuhi, mwanzo mpaka mwisho.

"Sijui, baba," nikamwambia. "Tuangalie."